Nyumba Aliyojengewa Mama William

Baba Paroko, katekista wa kigango chetu, mwenyekiti wa kitongoji, wazee wa ukoo wa Ndassa mliomwoa dada yetu, wazee wa ukoo wa Nshoma mlioletwa na msiba huu kutoka Kwimba na Ngara, ndugu waombolezaji wote, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wale wanaostahili shikamoo yangu, shikamooni. Mimi ni Kazimili Nshoma, mdogo wake marehemu anayemfuata kuzaliwa, ninaishi Nyakisasa wilayani Ngara, na nimesimama hapa kwa niaba ya familia zote mbili. Wazee wameniomba niwe mfupi, niseme kuzaliwa, shule, ndoa, watoto na ugonjwa, halafu nikae. Nitajitahidi, lakini atakayechoka anivumilie, kwa sababu marehemu naye aliwavumilia ninyi miaka mingi.

Marehemu Yuster Nshoma alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kijiji cha Mwamashimba, wilaya ya Kwimba, akiwa mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa marehemu mzee Nshoma na marehemu mama yetu Minza. Alisoma shule ya msingi huko huko kijijini kuanzia mwaka 1967 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1973, na ingawa alikuwa na akili kutuzidi sisi ndugu zake wa kiume, hakupata nafasi ya kuendelea, na kwa wakati ule hakuna aliyeona ajabu. Mwaka 1974 ukame ulipozidi, baba alihamisha ng'ombe kufuata malisho, tukaja na mifugo kwa miguu hadi Nyakahura hapa, tukajenga kama wengine walivyojenga, miti, udongo na nyasi, na katika nyumba ya namna hiyo dada alikulia na kuwa mwanamke mzima bila kuugua mafua zaidi ya watu wengine.

Alibatizwa Pasaka ya mwaka 1978, na tarehe 22 Septemba 1979 alifunga ndoa takatifu na marehemu Fabiani Ndassa, mkulima na mfugaji wa kijiji hiki, mtu mpole ambaye nikimkumbuka namkumbuka akicheka kwanza kisha ndipo anajibu salamu. Mungu aliwajalia watoto watatu, William aliyezaliwa mwaka 1981, Celestini aliyezaliwa mwaka 1985, na kitinda mimba wao Scola aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1997, ambaye nitamtaja tena baada ya muda mfupi, kwa kuwa bila Scola hakuna kitakachoeleweka katika historia hii. Shemeji Fabiani alifariki tarehe 17 Mei 2008 akazikwa hapa nyumbani, upande wa mashariki wa mji wake, mahali ambapo wakati ule palikuwa uwanja mtupu.

Kuhusu kazi, dada alikuwa mkulima, lakini wengi mnamjua kwa kupita nyumba kwa nyumba. Wakimbizi wa Rwanda walipoingia kambi ya Benaco mwaka 1994 alikwenda kuomba kibarua kama watu wengi wa upande huu, akapewa kazi ya kuhamasisha usafi, akawa anapita hema kwa hema akifundisha watu kuchemsha maji na kufukia kinyesi, na aliporudi mwishoni mwa mwaka 1996 alikuwa hawezi tena kupita mlango wa mtu bila kuuliza maji ya kunywa wanayaweka wapi. Kijiji kikamchagua kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, akaifanya kazi hiyo pamoja na mwenzake Francisca aliyekaa pale mbele na kitenge cha bluu, wakapima watoto uzito, wakagawa vyandarua, wakasema kuhusu vyoo mpaka vyoo vikachimbwa. Hiyo ilikuwa miaka ambayo watu walikuwa wanamsikiliza, na mtu yeyote hapa mwenye mtoto wa umri wa sekondari anajua deni lake kwa dada.

Sasa ninafika kwa Scola. Scola alikwenda Bukoba kujifunza ushonaji mwaka 2015, akapanga chumba na wenzake maeneo ya Hamugembe, na siku ya Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, kama saa tisa na nusu alasiri, lilipopiga lile tetemeko ambalo kila mtu hapa anakumbuka alikuwa wapi, yeye alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Chumba chake hakikuanguka. Kilichoanguka ni gebo la nyumba ya jirani, ile pembetatu ya tofali inayokaa juu ya ukuta kufunga paa, ikamlalia mgongoni. Alilazwa, akaletwa nyumbani hawezi kusimama, mama yake akamuuguza, na tarehe 3 Desemba 2016 alifariki akiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Waliofariki siku ile ya tetemeko walitajwa redioni na tukawaombea, Scola hakutajwa popote, kwa sababu alichelewa kufa, na jambo hilo lilimuuma dada kuliko alivyoonyesha.

Hakulia sana msibani, mtakumbuka, na wapo waliomsema. Baada ya matanga alipanda basi kwenda Bukoba peke yake, akapita mitaani akiangalia nyumba zilizolala na zilizosimama, akiuliza mafundi na yeyote aliyekubali kusimama naye, na aliporudi alikuja kwangu Nyakisasa, akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Kazimili, ardhi haikumuua mtoto wangu, ardhi ilitikisika tu. Kilichomuua ni tofali zilizopandishwa juu kwa udongo bila kufungwa na kitu." Akaniambia litakuja lingine, kubwa zaidi, haijulikani lini, na kwamba ufa wa nchi hii unaanzia mbali ziwani na kupita chini yetu, na watu wetu wameacha miti na nyasi, wanajenga makaburi wanayoyaita maendeleo. Mimi nilimwona ni mama aliyefiwa, nikamchinjia kuku.

Kuanzia mwaka 2017 akaanza kupita tena nyumba kwa nyumba, safari hii bila kutumwa na mtu. Aliwaambia mnaojenga mfunge mkanda wa linta, ule wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha, kuzunguka nyumba nzima, aliwaambia gebo liwe la mbao au la bati badala ya tofali, aliwaambia mshushe mawe mliyoweka juu ya bati kuzuia upepo, mfunge bati kwa waya, vitanda vya watoto visikae chini ya gebo, na ikitikisika watu watoke wasimame mahali pa wazi, mbali na ukuta na mti. Alitundika rimu ya gari hapa uani, akawazoesha watoto wa jirani kwamba akiigonga wanakimbia nje, na watoto waliupenda mchezo huo, wazazi wao hawakuupenda. Nyumba alizosikilizwa zilikuwa chache, na katika hizo chache ni ya mzee Kwizera iliyopata bahati mbaya, maana alishusha mawe, akachelewa kufunga waya, na upepo wa masika ukaondoka na bati tatu hadi kwenye shamba la muhogo. Mzee Kwizera yupo hapa, na simsemi vibaya, ila tangu siku ile kila kilichopeperuka kijijini kilikuwa cha Mama William.

Ndugu waombolezaji, mnajua desturi yetu kwamba kijana akifanikiwa anamjengea mama yake kabla ya kujionyesha mjini, na kwamba mama akilala kwenye nyasi huku ng'ombe wa mwanawe wamejaa zizini, aibu ni ya ukoo mzima. William aliuza ng'ombe mwaka 2019 akamjengea mama yake nyumba hii mnayoiona, tofali za kuchoma, bati la kijani, na mbele juu ya mlango gebo refu kuliko yote ya upande huu wa barabara, limeandikwa kwa saruji maneno MAMA WILLIAM 2019, yanasomeka tangu gulioni. Fundi wake alikuwa Modestus, na dada alimwendea akiwa bado kwenye linta, akamwomba asipandishe tofali pale juu, amalizie kwa bati. Modestus akajibu kwa heshima zote kwamba, mama, gebo la bati ni la banda la kuku, mwanao atanidai jina lake. William naye alimwambia, "Mama, watu wanataka kuona jina lako," na ninaamini alilisema kwa mapenzi, hakuna mtoto aliyempenda mama yake kumzidi William, hilo naomba liandikwe na kila mtu moyoni mwake kabla sijaendelea.

Nyumba ikabarikiwa, tukala, tukacheza, na jioni ile ile dada akarudi kulala katika jiko lake la miti na nyasi lililokuwa nyuma. Hakuingia katika nyumba yake isipokuwa kufagia. Lakini wajukuu ndio wanaolala kwa bibi, na watoto wanne wa William, ambao kwanza walilala naye jikoni, walipokua walianza kuona haya mbele ya wenzao, wakahamia mmoja mmoja kwenye nyumba nzuri yenye vitanda, chini ya lile gebo. Tangu hapo dada hakuwa tena na habari na kijiji, hakuwa na habari na bati za Kwizera wala linta za mtu. Alikuwa na ombi moja tu, alilomwomba William kila alipopata nafasi, wakati wa kukamua, wakati wa kula, hata mbele ya wageni, kwamba ashushe gebo wajukuu walale salama. Na William hakuweza, kwa sababu mtoto anayepanda ngazi na nyundo kubomoa jina la mama yake mbele ya barabara, ninyi wenyewe mngemwitaje?

Aibu ikazidi mwaka 2023, walipokuja wakwe kwa habari ya posa ya binti wa Celestini, wakamkuta bibi anatoka kwenye nyasi amejaa moshi, na nyumba yenye jina lake ipo mbele. Walikunywa soda wakaondoka, hatukuwaona tena. Celestini akakasirika akarudi kwake Geita bila kuaga, akasema mama ameamua kutudhalilisha. Hapo nami nilikuja kutoka Nyakisasa kumsihi, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimewahi kumgeuza mtoto wa miaka kumi na tisa kitandani ili asioze mgongo.

Kisha likaja lile tetemeko dogo la Oktoba mwaka jana, jioni wakati wa kukamua, ambalo wengine wenu hamkulisikia kabisa. Dada alikuwa amekaa chini kwenye ngozi anachambua maharage, akalisikia kabla ya watu waliosimama, akainuka akagonga rimu, watoto wakatoka mbio kila nyumba, ndipo mitikisiko ikafika, sufuria zikalia, ikaisha. Hakuna kilichoanguka. Hakuna hata ufa. Katika nchi yenye akili wangesema mama huyu amewazoesha watoto wetu vizuri, hapa kwetu asubuhi yake swali lilikuwa amejuaje. Na mtu mmoja mzima, ambaye sitamtaja kwa kuwa leo amekuja kuchimba na jembe lake mwenyewe, akasema kwenye pombe, "Kila akisema linakuja, linakuja. Sasa analileta nani?"

Nisiwafiche, na Baba Paroko anisamehe, sisi tuliokulia upande huu tunajua sentensi hiyo inaishia wapi mwanamke akiwa mzee, mjane, macho mekundu kwa moshi wa jiko, analala peke yake nyuma ya nyumba. Watoto wakakatazwa kuja uani kwake. Francisca alibaki, na wengine wawili watatu. Rimu ikaibwa. Dada hakujitetea, aliniambia kwa simu kwamba wakimuua wao ni jambo moja, ila anawaomba kwanza washushe gebo.

William aliogopa, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Mwezi Februari mwaka huu alibomoa lile jiko kwa mikono yake, akachoma nyasi zake, akamwingiza mama yake katika nyumba ya tofali ili kijiji kimwone analala kama watu, ili pasiwe na kibanda cha pembeni cha kuzungumziwa. Alikuwa anaokoa maisha ya mama yake, na mama alilijua hilo, kwa hiyo aliingia. Alikubali kuingia, kulala ndiko kulikomshinda. Watoto wakishapata usingizi alikuwa anatoka na kukaa uwanjani, mbele ya mlango lakini mbali na ukuta, amejifunika kitenge, anasikiliza ardhi, ili ikianza awahi kuingia kuwatoa. Mkwewe, mke wa William, alimwona akamrudisha, akatoka tena. Masika ikaingia, mvua za Machi na Aprili, naye yuko pale pale. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Alianza kukohoa katikati ya Aprili, akapewa dawa, akaona nafuu akarudi uwanjani, na tarehe 29 Aprili 2025 alilazwa Biharamulo akiwa hawezi kupumua vizuri, ikaonekana ni homa ya mapafu iliyokwishakomaa. Madaktari na wauguzi walifanya walichoweza, wakamwekea hewa, wakambadilishia sindano, lakini mwili ulikuwa umechoka, na Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, dada yetu Yuster alifariki dunia mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Lile kubwa alilolitabiri halijaja. Anayetaka kusema alikufa kwa kuogopa kitu ambacho hakipo anaweza kusema, sijui kama lipo, na yeye naye hakujua, alichojua ni uzito wa tofali.

Nimebakiza jambo moja, na hili ndilo wazee walitaka nisilisome. Siku mbili kabla ya kufa aliniambia, kwa pumzi za kuokota, tusimzike karibu na nyumba. Tumzike kule ng'ambo ya zizi, katikati ya uwanja wa wazi, pasipo ukuta wala mti, kwa sababu, alisema, watoto hawajawahi kushika maneno yake, lakini kaburi la bibi hawatalisahau, na siku ikitikisika waambiwe neno moja tu, kimbilieni kwa bibi. Nilimpigia William hapo hapo nikiwa wodini, akalia, akakubali. Ila jana tulipokuwa njiani na mwili, wazee wa ukoo walikwisha kuchimba, hapa mashariki, mbele ya nyumba, kando ya marehemu Fabiani, kama inavyopasa mke kulala na mumewe, na uwanja ule uliokuwa mtupu mwaka 2008 sasa uko chini ya gebo kabisa. Niliomba tuchimbe lingine. Nikaambiwa shimo lililochimbwa haliachwi wazi, litaita mwingine wa mji huu. Niliomba tulifukie kwa kuzika mgomba badala ya mtu, kama wanavyofanya wengine. Nikaambiwa mimi ni shemeji tu, mke ni wa ukoo wa Ndassa, na William, ambaye neno lake lingetosha, aliangalia chini hakusema kitu. Simlaumu. Amebomoa jiko la mama yake mara moja, hakuwa na nguvu ya kubomoa kitu kingine.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia dada hadi dakika ya mwisho, ninamshukuru Baba Paroko aliyemletea Sakramenti ya Mpako, ninawashukuru wahudumu wa afya wenzake, na kipekee Francisca, aliyeendelea kumsalimia alipokuwa hasalimiwi. Ninawashukuru majirani wote kwa kuni, maji na turubai, pamoja na wale waliokuwa wakisema yale waliyokuwa wakisema, kwa maana nao wamekuja na wamelia, na sina namna ya kupima machozi ya mtu.

Marehemu ameacha watoto wawili, William na Celestini, na wajukuu saba, na kati ya hao wanne watalala leo ndani ya nyumba hii, kitanda kimoja wawili wawili kwa sababu ya wageni, na hakuna atakayekaa nje kuwasikilizia. Sasa tutakwenda kaburini. Ninawaomba mkifika msimame upande wa barabara, na watoto muwashike mikono, wasisogee ukutani. Dada yangu Yuster, tunakuweka pale ulipokataa. Pumzika kwa amani, ukiweza.